Kabla ya Adhana ya Magharibi

Asubuhi ya leo kaka yangu amenitumia video. Ni ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa na mpira uliochongoka pande mbili. Ndani yake kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa timu, anaiokoa timu yake dakika za mwisho huku watangazaji wakikaribia kupasuka koo. Chini kaka ameandika tu, "Huyu ni gwiji kweli, ama ni sifa za bure?" Nilikuwa hapa nyumbani Voi nakaanga vitunguu. Nilizima jiko nikakaa, maana swali hilo tulilianza Jeddah, tukiwa watoto.

Mama alikuwa muuguzi huko, Baba fundi wa mitambo ya maji, wote kwa mkataba. Tulikaa Aziziya, ndani ya kampaundi yenye ukuta mrefu, majengo mawili na kiwanja cha nyasi za plastiki zilizounguza nyayo. Jirani mmoja, mwalimu Mmarekani, ndiye aliyetuletea mpira ule. Hatukuangushana, kila mtu alichomeka vitambaa kiunoni, na ukinyofolewa kimoja, basi umekamatwa. Wasichana tulicheza pia, humo humo ndani ya ukuta. Saa hatukuwa nayo. Adhana ya magharibi ikilia mchezo umekwisha, halas, hata kama mpira uko hewani.

Jengo letu lilijaa wauguzi, Wafilipino na sisi Wakenya, na mrushaji wetu alikuwa kaka. Jengo la pili walikaa Wasudani, Wapakistani na familia moja ya Unguja, na kijana wa hao Waunguja ndiye aliyewarushia wenzake. Pasi zake zilikuwa fupi, za uhakika. Alitangulia kwa alama mapema, mchezo ukapoa, na hakuna aliyemshangilia sana. Kaka yangu yeye alianza ovyo karibu kila siku. Lakini jua likishuka nyuma ya matangi ya maji alibadilika. Aliita mpira, akatuhimiza "yalla, yalla," nasi tuliokuwa tumekwisha kukata tamaa tukaanza kukimbia upya. Siku za ushindi tulimbeba mabegani hadi ngazini. Niliona hana mfano duniani, na mpaka leo sioni haya kusema hivyo.

Ramadhani ya mwaka mmoja ndipo alipong'ara kupita kiasi. Tulicheza saa ya mwisho kabla ya futari, harufu ya sambusa na kaimati ikitoka kila dirisha la jengo la pili, na jioni baada ya jioni aligeuza mchezo dakika za mwisho. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba baada ya Idi tungekwenda Riyadh kucheza na watoto wa kampaundi nyingine. Kwotabeki wa safari angemchagua baada ya mchezo wa mwisho wa mfungo. Kaka aliitaka nafasi ile mpaka akawa analala na mpira kitandani.

Mezani Baba alimsifu, akasema mwanamume huonekana mambo yakiharibika. Mama alikuwa ametoka zamu, miguu imemvimba. Alisema hospitalini kwao zamu nzuri ni ile isiyo na cha kusimulia.

"Na hayo mambo, kwanza nani anayaharibu?" aliuliza. Kisha akamgeukia kaka, bila ukali wowote. "Wale wenzako wa jengo la pili wamefunga, baba. Wewe leo umekunywa maji mara ngapi?"

Sisi tulikuwa Wakristo. Tulikunywa maji ndani kwetu, kwa heshima, kisha tukateremka uwanjani. Alama tulizihesabu vizuri sana. Kiu ya wenzetu haikumjia mtu akilini, hata wao wenyewe hawakuitaja.

Siku ya mchezo wa mwisho, wakati wa chakula cha mchana, alinisukumia chapati zake. "Kula wewe. Na usimwambie Mama." Nilimwangalia midomo iliyokauka nikaelewa. Nilikula, na Mama sikumwambia.

Jengo la pili walitangulia kama kawaida. Jua likashuka nyuma ya matangi, nasi tukamtazama kaka tukingoja mambo yake. Aliita mpira. Sauti ilitoka imekauka. Alinirushia mimi, mpira ukaanguka mbali na mikono yangu. Akarusha tena, ukafa njiani. Nilitaka kulia, kwa sababu mimi peke yangu nilijua. Kisha adhana ikalia.

Yule kijana wa Unguja alikuja na tende mkononi. Alimtazama kaka usoni, akaitazama midomo yake, akampa ya kwanza.

"Umefunga weye?"

Kaka alitikisa kichwa kukubali, tende iko mdomoni.

"Ungenambia," akasema Mzanzibari, "tungekula daku pamoja."

Riyadh alirusha yule kijana wa Unguja, na kaka yangu akawa mdakaji wake. Walitangulia mapema wakashinda, na sikumbuki hata pasi moja. Mimi naamini bado kwamba kuwainua watu waliokata tamaa ni kipaji, na kaka alikuwa nacho kweli. Ila sidhani kinatosha kumpima mtu.

Miaka ile imekwenda. Mikataba iliisha, ikama, vile vibali vya kuishi, hazikuongezwa muda, majengo yale yakaanza kutoa familia moja baada ya nyingine. Waunguja waliondoka kabla yetu. Namba waliyotuachia iliita siku chache, kisha ikawa haipatikani, na hatujui yule kijana yuko wapi. Inaniuma, kwa kuwa hatukuwahi kumshangilia ipasavyo.

Nilimjibu kaka, "Gwiji, labda. Lakini waliokuwa wakimkaba walikuwa na kiu kiasi gani?"

Vitunguu vilikuwa vimepoa kwenye sufuria jibu lilipoingia.

"Ungenambia," ameandika, "tungekula daku pamoja."