Mpishi Aliyengoja Kuitikiwa

Mpishi wa shule yetu hapa Ruring'u huchagua maharagwe bila kuyatazama. Vidole vyake, vilivyoungua kwa sufuria miaka nenda miaka rudi, hukijua kijiwe kabla ya macho, hukitupa kando, na mdomo hauachi kusimulia. Husimulia peke yake, kwa Kikuyu, hadithi za mazimwi. Sauti ya zimwi huikwaruza kooni; ya msichana aliyetekwa huishusha hadi karibu na mvuke. Kila hadithi huianza kwa kuita, "Uga itha!", kisha hujiitikia mwenyewe, "Itha!", kwa sababu hadithi haianzi mpaka iitikiwe.

Siku ya utamaduni, mwalimu mkuu alimwomba aje asimulie darasani kwangu. Alivua aproni, akapangusa mikono kwenye sketi, akasimama mbele ya ubao.

"Uga itha!"

Akaita tena, polepole zaidi. Watoto arobaini hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi, mimi ninayeandika majina ya wanaoongea Kikuyu na kuwapigisha magoti kila Ijumaa. Neno la kuitikia nilikuwa nalo. Nyanya yangu kule Wamagana alinifundisha kabla sijajua kuhesabu. Niliinamisha macho kwenye daftari la majina.

"Mwalimu," akaniuliza, akipangusa tena mikono iliyokwisha kukauka, "ama ni mimi nimesema vibaya?"

Nikamwambia hapana, ni watoto tu wanaona haya.