Eliamani, Pembe Yako Haitaenda Kubomoa

Dodoma, Jumapili, katikati ya Novemba. Mwaka wa tatu sasa tangu nishuke milima ya Upare, na sijapanda tena.

Akili imegoma kupokea. Eliamani amekufa. Alhamisi alikuwa shambani anapalilia tangawizi, akamwambia mkewe kichwa kinamgonga, akaketi kwenye tuta. Hakuinuka. Wanasema ni presha.

Wala sikuambiwa na mtu. Nilikutana na habari kwenye ukurasa wa chuo: picha yake, mshumaa wa kuchorwa, na maneno kwamba taasisi imempoteza "mdau muhimu".

Mdau. Mtu ambaye ukoo wake wote ulibeba mawe ya jengo lenu mabegani, leo mnamwita kama mnamwalika semina.

Kwa msiokijua chuo chetu, acha niwaeleze mimi, maana brosha yao haitawaeleza.

Kilianza kama darasa la useremala na uashi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wazee wakaona vijana wanahitaji jengo. Kwetu kazi ya wote inaitwa msaragambo: pembe ya tandala inalia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu. Mpigaji alikuwa baba yake Eliamani. Wanaume wakapandisha mawe kutoka mtoni, akina mama wakapandisha mchanga. Jengo likasimama, na hakuna aliyekuja kukata utepe.

Mimi na Eliamani tulijifunza uashi humo, tofali la kwanza mpaka mimi nilipoishia njiani. Ndiyo maana leo mimi ni saidia fundi, nachanganya zege la ghorofa za watu. Yeye alimaliza, akabaki kijijini, na mzee wake alipofariki akarithi pembe.

Hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Siku moja alisimama mbele ya ukuta wangu, akainamisha kichwa upande, akasema, "Ukuta umelewa, na mwenyewe hata hunywi." Darasa zima liliniita Mlevi mpaka naondoka.

Pembe yenyewe alinijaribisha mara moja, kwa siri. Nikapuliza, ikatoka sauti ya ndama anayeumwa tumbo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu tukaletewa mkuu mpya, mwenye viatu vya ncha kali, visivyojua matope. Shida yake na mlima ilikuwa moja: magari ya barabara kuu hayauoni.

Basi zikazaliwa kampasi. Ya Same mjini ni vyumba vitatu juu ya duka la magodoro. Uashi wanafundisha ghorofani, kwenye ubao mweupe. Kijana anahitimu akiwa amechora matofali mengi na hajashika hata moja. Wengine naletewa hapa saiti. Wanauliza mwiko ni upi.

Ya Kisiwani, kijiji cha huko tambarare, ni kibao. Sisemi jengo dogo, nasema kibao, kimesimama peke yake kwenye vumbi. Eliamani alipita hapo akanipigia simu kunitaarifu kwamba kampasi leo imejaa, wanafunzi wote wana mikia, na mmoja anatafuna nguzo.

Brosha ikaandika "kampasi tatu". Jengo letu la mawe wakaliita Kampasi Kongwe, kisha mwaka huu wakasema ni mzigo. Strategic plan yao ikaamua liezuliwe, mabati, mbao na milango vishuke Same vikajenge ofisi ya mkuu. Na kazi hiyo tuifanye sisi, kwa msaragambo.

Mkuu akaenda kwa Eliamani kuomba pembe ilie. Alikula makande sahani mbili kwanza. Eliamani akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamjibu:

"Mkuu, hii inaita watu kujenga. Ya kubomoa kanunue dukani."

Wakaleta spika juu ya pikapu, ikazunguka kijiji kizima. Watu walisikia vizuri sana, wakaendelea kulima. Siku yenyewe waliotokea ni dereva na katibu muhtasi, naye alivaa sketi ya kubana. Paa likabaki.

Jana tumemzika. Nasema tumemzika, ila mimi niliangalia kwenye simu nikiwa juu ya jukwaa la mbao hapa saiti, msimamizi hakunipa ruhusa. Nilimsikia mkuu akihutubia kaburini. Alisema ili kumuenzi marehemu, jengo la mlimani litaezuliwa, na vifaa vyake vijenge mjini ukumbi wenye jina la Eliamani.

Mwanaume alikataa kwa mdomo wake mwenyewe. Wamesubiri mdomo ufungwe, ndipo wanamsemea.

Jioni shemeji Namsifu, mkewe, akanipigia. Mkuu alikuwa amebaki uani baada ya watu kutawanyika, anaomba pembe, eti ikahifadhiwe kwenye makumbusho ya chuo. Makumbusho, juu ya magodoro. Anajua bila pembe hapati mtu wa kupanda paa lile.

Shemeji alimjibu kwamba kitu cha marehemu hakitoki ndani kabla ya kuanua tanga. Kisha akaniuliza mimi, "Sasa shemeji, tukishaanua?"

Nikamwambia tanga lisianuliwe mpaka nifike. Kaka zake Eliamani wamekubali. Pembe iko jikoni juu ya moshi, pale pale alipoitundika.

Ndugu yangu, pumzika. Ulinicheka vya kutosha, acha sasa nikupe sababu nyingine. Kona ya darasa letu inavuja, na mimi nimejifunza kunyoosha ukuta huku ugenini. Watu wa mlimani, mkisikia pembe inalia kama ndama mgonjwa, ni mimi. Njooni na nyundo na misumari, tunaziba paa.

Zege la ghorofa hii tunamaliza mwisho wa mwezi. Wiki ya kwanza ya Desemba niko nyumbani.