Damu Yangu na Nyongeza Yake

Juzi muuguzi alipomtoboa binti yangu kidole, harufu ya spiriti ilinirudisha Nkuhungu, uani kwetu, ambako baba aliyeyusha risasi ya betri chakavu akawatengenezea wavuvi wa Mtera chubwi za kuzamishia nyavu. Mimi nilikuwa nazifyonza chubwi zile kama pipi.

Hospitali walinipima damu, wakakuta sumu ya risasi. Baba akahamishia moto wake mbali na nyumba, na baada ya miezi kadhaa nikapimwa tena. Alasiri moja mama alinichukua kwenda kufuata majibu. Mimi nilidhani tumefuata damu yangu. Tena kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, basi nilitegemea na nyongeza.

"Shikamoo dokta," mama alisema.

"Marahaba. Risasi imeshuka sana, mama. Mtoto hajambo."

Mama alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wakageuka. Nami nikanyoosha mkono.

"Na damu yangu?"

Dokta alicheka, akachukua kishada cha zabibu nyekundu mezani kwake, akanipa. Nilizila mojamoja njia nzima, nikiisikia damu yangu ikirudi.