Mkono wa Mtakatifu Yosefu Ulivyonifikisha Jikoni kwa Mama Mkwe

Kabla sijaanza masikio yananiwaka moto, lakini mmenibana, basi nitasema, na anayetaka kucheka acheke mwanzoni tumalizane.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, hapa hapa Ifakara, mimi nikifanya kazi kwa fundi Libori, mtengeneza sanamu za plasta. Kazi yenyewe ni hivi: una kitu kimoja, unakizamisha nusu kwenye plasta, ikiganda unapaka mafuta, unamwagia nusu ya juu, halafu unazitenganisha, na hapo umepata kalibu ya kutolea vingine kama kile hata kumi. Usipopaka mafuta, nusu mbili zinashikana zikawa jiwe moja. (Nilikuwa nalijua hilo, msije mkasema sikufundishwa.)

Jumamosi moja akaletwa Mtakatifu Yosefu wa kigango cha Sanje, kaanguka kwenye lori, mkono umekatika. Fundi akaniachia kazi, "Tafuta mkono wa kuigiza," akaenda zake kununua mbao. Nikatazama huku na huku nikaona, ah, mkono gani mzuri kuliko wangu! Nikauweka kwenye kisanduku, nusu ya chini ikaganda vizuri kabisa, nikainua chupa ya mafuta kwa mkono wa kushoto, tupu! Nilikuwa nimeyamaliza asubuhi mimi mwenyewe, kichwani na miguuni, kwa sababu jioni ile tulikuwa tunapeleka posa kwa kina Skolastika na nilitaka ning'ae. Nikajiambia, "Maji yatatosha." Nikapaka maji, nikamwaga.

Hayakutosha. Fundi aliporudi alinikuta navutana na tofali jeupe lililomeza mkono wangu mpaka juu ya kifundo, akachukua nyundo, nikapiga kelele, na katikati ya kelele mshenga wangu, mjomba Damasi, huyo kafika.

"Mjomba, tuahirishe," nikamwomba.

"Tuahirishe? Wazee wamekaa wanatusubiri! Na yule mwalimu wa Mahenge naye ameshatuma mshenga wake. Usipoonekana leo, binti ameondoka."

Jamani, Skolastika nilimpenda, nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Nikalifunga lile tofali kwa khanga, nikalikumbatia, tukaondoka.

Tukapiga hodi. Akatoka shangazi mtu, mama wa miraba minne, mchangamfu. "Karibuni, karibuni! Lete mzigo, baba, nikupokee!" (Mnajua kwetu mgeni haachwi mlangoni na mzigo wake.)

"Hapana shangazi, mwepesi tu huu."

"Aa, mkwe gani ana aibu hivi!" Akaudaka, akavuta, nikafuata. Akadhani namtania, akavuta zaidi huku akicheka, akashika njia ya jikoni na zawadi yake, nami nyuma yake nimeinama mbio mbio, mjomba Damasi anaita, "Shangazi, mwachie, huyo ndiye mwoaji!"

Mpaka jikoni. Na jikoni, uso kwa uso, mama mkwe, mtu ambaye kwa mila zetu nikimwona njiani nilitakiwa niingie hata majanini nimpishe! Alikuwa anapepeta mchele, na Skolastika kasimama kwenye kinu. Khanga ikaanguka, tofali nje. Nikasema, "Shikamoo mama." Ningesema nini tena?

"Uwii!" Ungo ukaruka, mchele ukamwagika jiko zima, na baba mkwe akaingia na wazee wake wote.

"Kijana, hicho ni nini?"

Mjomba alikuwa ameshafungua mdomo aseme nimevunjika mkono, lakini nilichoka, nikasema yote, plasta, mafuta, kung'aa, kila kitu, na machozi yananitoka, kwa sababu niliona kabisa mwalimu kashachukua mke wangu.

Skolastika akaangua kicheko. "Weka hapa," akasema. Akaliegemeza tofali kwenye ukingo wa kinu, akaligonga kwa mchi, ko, ko, ko, likaachana katikati, kumbe yale maji yalikuwa yamesaidia kidogo, mkono ukatoka, na vinyweleo vyangu vyote vikabaki ndani! Nililia kwa sauti, siwafichi. Shangazi alikaa chini kwa kucheka.

Baba mkwe hakucheka. Akamgeukia mjomba. "Mwalimu yule mara zote akija hapa ananieleza jinsi asivyokosea. Huyu kakosea mbele ya ukoo mzima na hakusema uongo hata mmoja. Semeni neno lenu, tunawasikiliza."

Ndivyo nilivyooa, mnasikia? Hata zile nusu mbili zilifaa, Mtakatifu Yosefu akapata mkono. Ila mimi niliapa, kiungo changu hakiingii tena kwenye kitu kinachoganda. Mpaka leo nikionja uji nikaona umeanza kushika, natoa kidole mbio, na Skolastika anacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini.