Choo Kilichotuangusha

Yapo maneno ya Kiingereza ambayo mpaka leo nikiyaandika ubaoni mate yananijaa mdomoni, kama mtu anayetaka kutapika. Ni yale ya kushindwa na kubomoka. Mwanzo wake ni choo.

Nilikuwa na mwaka wa pili wa kufundisha Kiingereza, katika sekondari moja iliyo njia ya kwenda Katindiuka. Tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, mama wa Kipogoro kutoka Mahenge, aliyekuwa anakaribia kustaafu. Ndiye aliyenipokea nilipofika Ifakara nikiwa sijui hata pa kununua mkaa. Nilimwita Mama, na kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kabla sijaweka mkoba chini.

Choo cha walimu wanawake kilikuwa kipya. Mkuu wa shule alikiharakisha ili wafadhili wakija wakikute tayari. Wazazi walimwambia kwenye kikao kwamba udongo wetu huu wa majaruba ya mpunga haushiki shimo, lazima ujengee tofali za kuchoma tangu chini. Akawajibu kwamba jambo hilo ameshalizingatia. Kisha akajengesha tofali mbichi, mistari michache tu juu, akamwaga sakafu nyembamba na kupaka chokaa. Kilipendeza. Masika yakaingia, maji yakapanda shimoni.

Asubuhi moja, tukiwa ofisi ya walimu, tulisikia kishindo kama gunia la mpunga limedondoshwa kutoka kwenye lori. Halafu sauti ya Mama, wala haikuwa kubwa:

"Jamani, njooni."

Sakafu ilikuwa imekatika katikati. Mama alizama mpaka kifuani, ameng'ang'ania kipande cha zege, na ule uchafu ulikuwa unamzunguka taratibu, mzito, unatoa mapovu. Tulifunga khanga mbili tukamrushia. Nilitapika, nikajifuta kwa bega, nikaendelea kuvuta. Tulipomtoa tukampeleka nyuma ya jiko, nikammwagia maji ndoo baada ya ndoo, nikamsugua kwa sabuni ya unga na majani ya mlimao. Funza walikuwa wamemwingia kwenye nywele. Aliinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa, na alisema jambo moja tu.

"Niangalie masikioni, mwanangu."

Mkuu hakufika pale nyuma ya jiko. Aliniita ofisini kwake, nikaenda na gauni limelowa. Alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Mwalimu, wewe ndiye mtu wa Kiingereza. Wageni wanakuja wiki hii. Choo kubomoka tunasemaje?"

"Collapse," nikasema.

"Hapana, hilo zito. Linasikika kama daraja, kama watu wamekufa. Tafuta jepesi."

"Break down."

"Hiyo si ya gari?"

"Give way."

"Maana yake?"

"Kwamba kilizidiwa, kikaachia."

"Kilizidiwa," akarudia, na nikaona lile neno linamkaa vizuri mdomoni. "Nzuri. Lakini wataniuliza kilizidiwa na nini. Endelea kufikiri."

Hakuuliza Mama anaendeleaje. Nilipotoka nilinusa vidole vyangu. Bado vilinuka, na sikujua tena kama ni shimo au ni yale mazungumzo ya ofisini.

Jioni nilikaa na kamusi, nikayasoma maneno yote ya kubomoka. Mpango unaanguka katikati, ukuta unaporomoka ndani, injini inakata roho, ahadi inayeyuka. Kila mahali kitu kinajiangukia chenyewe, na mtu hayupo. Nikataka kujisifu kwamba Kiswahili chetu kina adabu kuliko Kiingereza, nikakumbuka tunavyosema: kimebomoka, kimevunjika, kimeharibika. Nasi tunajua kumficha mtu. Nikafunga kamusi.

Kesho yake Mama alikuja kazini, gauni limepigwa pasi, ananukia sabuni. Tukamwamkia. Chai ilipoletwa, mwalimu mmoja wa kiume alivuta kikombe chake upande wa pili wa meza, taratibu, akijifanya anatafuta nafasi ya kuweka madaftari. Mwingine akainuka kufungua dirisha lililokuwa wazi tayari. Mama aliwaangalia, akachukua chai yake akaenda kuinywea nje, amesimama. Nilimfuata. Kama kuna siku niliyoona kinyaa kweli katika maisha yangu, ni hiyo, wala si siku ya funza.

Wageni walifika. Mkuu aliwapanga walimu wote mbele ya jengo la utawala, akatoa hotuba kwa Kiingereza. Alipofika kwenye choo, alishika kifua na kusema, "The toilet has let us down." Hilo sikumpa mimi, alilitafuta mwenyewe. Wageni wakacheka kwa upole, wakatikisa vichwa, mmoja akasema mambo kama hayo hutokea.

Mama alikuwa kando yangu.

"Nimesikia vizuri?" akaninong'oneza.

"Ndiyo, Mama. Kasema choo kimetuangusha."

"Kimetuangusha sisi. Yeye aliangukia wapi?"

Mkuu akamwita aje kuwasalimia wageni, kama mwalimu mkongwe wa shule. Akaenda, akawapa mkono mmoja mmoja, akawakaribisha Ifakara. Nilitamani awaambie kwamba aliyezama shimoni ni yeye, na nilijua hatawaambia.

Wazazi walichimba choo kingine, wakachoma tofali wenyewe, na mkuu akakizindua. Mama aliomba uhamisho kwenda kijiji cha Mbingu, karibu na binti yake, akakubaliwa. Nilimsindikiza stendi na begi lake na kuku wawili. Aliniambia nile vizuri, nimekonda.

Mwaka uliofuata mkuu alipelekwa shule kubwa zaidi. Mimi nipo palepale. Nikifika kwenye sura ya kitabu yenye maneno yale ya kubomoka naisomesha haraka, natoa mifano ya magari na madaraja, kisha natoka nje kutema mate.