Majaribio Thelathini na Moja ya Kuihoji Diski

Ofisi yetu hapa Dodoma ilikuwa na watu watatu, kiyoyozi kimoja kibovu na majaribio thelathini na moja. Watu tuliandika programu ya kutunza madaftari ya mifugo ya vijijini. Kiyoyozi kilitunza vumbi. Majaribio yaliihoji diski kila programu ilipowashwa: unaweza kuhifadhi jina refu? Unaweza kulifunga faili ili watu wawili wasiliandike kwa pamoja? Unaijua tofauti ya herufi kubwa na herufi ndogo? Hata flashi ikichomekwa ilihojiwa vilevile, kama mgeni aliyeingia kijijini bila barua ya utambulisho.

Malalamiko yalianza Kongwa, yakaja Haneti: programu inachelewa kufunguka. Bosi wetu, mtu asiyeweza kubadilisha balbu bila kuitisha kikao, akaunda kamati ya kuamua majaribio gani yabaki. Wajumbe walikuwa yeye, mwenzangu wa meza ya pili, na mimi. Yaani ofisi nzima, ila sasa tulikuwa na mwenyekiti.

Kikao cha kwanza kiliafikiana kuhusu chai.

Cha pili kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu kila mtu alikuja kutetea wanawe. Mwenzangu, alipotoka tu chuo, aliandika majaribio sita ya kuona kama diski inakubali viungo, yaani faili dogo linaloelekeza kwenye faili jingine. Programu yetu haijawahi kutumia kiungo hata kimoja.

"Je, siku moja tukivitumia?" akauliza.

"Siku hiyo utayaandika tena," nikamjibu.

Alininunia siku mbili. Hata chumvi ya kwenye mahindi ya kuchoma hakuniomba.

Jaribio lililokula muda wote lilijulikana. Liliandika faili moja kubwa ajabu kwenye flashi, kuona kama litaenea, kisha likalifuta. Daftari kubwa kuliko yote tuliyonayo lilikuwa dogo kuliko picha moja ya simu. Lakini jaribio hilo alikuwa ameliandika bosi mwenyewe, kwa mkono wake, enzi zile bado anaandika. Kwa hiyo mwenzangu alitazama dari, nami nikaonyesha ushujaa wangu kwa kulishambulia jaribio jingine, lile la herufi kubwa na ndogo. Aliyeliandika alikuwa ameshaacha kazi. Jaribio yatima halina wa kulisemea.

"Mtu gani mwenye akili timamu," nilisema, nikiwa nimesimama kabisa, "atahifadhi mafaili mawili yenye jina lile lile, tofauti yake herufi moja kubwa?"

Bosi alifurahi. Likafutwa, na muhtasari ukaandikwa kwamba nina fikra za mbele.

Fikra hizo za mbele nikatumwa kuzipeleka Haneti, nikaweke programu iliyopunguzwa. Nilimkuta karani wa ofisi ya kijiji, mama wa makamo aliyevaa koti la sufu juu ya kitenge, maana upepo wa Juni kule hauna mzaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuiharakisha?"

"Nimeshaiharakisha," nikasema kwa kujiamini.

Tukachomeka flashi yake, tukawasha programu. Tukangoja. Akavuta ungo, akaanza kuchambua mlenda wa mchana. Alipomaliza, mashine bado ilikuwa inaliandika faili la bosi, ikabidi nimweleze ni la nini.

"Ya zamani nayo ilikuwa hivihivi," akasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma.

Hatimaye ikafunguka. Akanakili madaftari yake kwenye flashi hiyo, ya kupeleka wilayani, akayakagua kwa kidole, moja moja, kisha akanigeukia.

"Ng'ombe wangu wa mnadani wako wapi?"

Nikainama kutazama. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mafaili mawili: ng'ombe, na Ng'ombe. Kwenye flashi, moja tu.

"Mama, mbona majina yanafanana?"

"Yanafanana wapi? Hawa wa herufi ndogo wamezaliwa hapa, nawajua. Wa herufi kubwa wameletwa kutoka mnada wa Chemba. Ni wageni, na mgeni anapewa heshima yake."

Flashi ile, tofauti na kompyuta yake, haikujua heshima. Kwake herufi kubwa na ndogo zilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo faili la wenyeji liliandikwa juu ya la wageni. Programu ya zamani ingeiuliza kwanza, ingepata jibu, na ingeongeza namba kwenye jina. Ya kwangu haikuuliza kitu, kwa kuwa mimi nilishasimama kikaoni nikauliza kwa niaba yake. Mafaili halisi yalikuwa salama kwenye kompyuta. Mimi ndiye nisiyekuwa salama. Nikarudisha toleo la zamani huku nikikwepa macho yake.

Nikampigia bosi, nikaweka sauti ya nje, nikakiri. Akaanza kunihutubia kuhusu umakini. Mama akaomba kusema neno.

"Baba, hili faili kubwa mnalojaribu kulihifadhi kila asubuhi, ni la ng'ombe wa nchi gani?"

Hotuba ya umakini ikaishia hapo.

"Tutalifanyia kazi, mama," bosi akasema.

Kikao kilichofuata kilichukua muda wa kikombe kimoja. Jaribio la faili kubwa lilifutwa, na muhtasari unasema mwenyekiti ndiye aliyependekeza. Viungo vikaenda pia, na mengine yote yasiyo na kazi. La herufi likarudi. Yakabaki tisa, na programu sasa inafunguka kabla mtu hajavuta kiti.

Juu ya kila jaribio lililobaki niliandika sentensi moja ya kueleza linamsaidia nani. Kwenye la herufi niliandika: "Kuna karani Haneti anayewapa ng'ombe wageni herufi kubwa." Mwenzangu aliisoma akacheka, akauliza kama kweli maneno ya namna hiyo yanakaa ndani ya programu.

"Yafute," nikamwambia, "halafu nenda Haneti ukamweleze mwenyewe."

Akaisoma tena, akalifunga faili.