Mama Selina, fundi wa Iguguno anayeamsha magari kwa vitu vya jikoni

Saa mbili na nusu asubuhi, Iguguno, wilayani Mkalama. Lori dogo lililobeba vitunguu limesimama kando ya lami, mvuke unatoka chini ya boneti na maji yanadondoka chini kwa kasi. Dereva wake, kijana anayeitwa Frank, anashuka na kuanza kulizunguka bila kujua pa kuanzia.

Mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu iliyofifia, kanga kichwani, anamsogelea bila haraka. Frank anamwamkia na kumuuliza fundi wa hapa yuko wapi.

"Marahaba. Fundi ni mimi," anajibu mama huyo. "Nenda pale dukani ukanunue mayai mawili."

Frank anakwenda. Baadaye anakiri kwamba alidhani mama anataka kustaftahi kwanza.

Chini ya banda la mabati, mwanamume wa makamo ameketi kwenye kigoda, sikio lake la kulia ameligeuzia lori. Haoni. Mama anasubiri kauli yake, na dereva naye inabidi asubiri. Inapita karibu nusu saa. Ndipo mwanamume yule anasema neno moja kwa Kinyiramba, kwamba imepoa, na mama anakifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa kinene, bila tone la maji ya moto kumrukia.

Anaongeza maji, anamwambia Frank awashe gari. Anapasua mayai, anatenga viini kwenye kikombe na kumimina ute peke yake ndani ya rejeta. Kisha anachuchumaa na kutazama chini ya lori. Matone yaliyokuwa yakifuatana yanaanza kuchelewa. Linaanguka moja, linakawia, linaanguka jingine. Baada ya dakika sita hivi hakuna tena kinachoanguka.

Ute umeiva kwa joto la maji, umesukumwa hadi kwenye tundu na kuliziba. Frank analala chali kwenye vumbi kuhakikisha kwa macho yake. Anainuka na kujikung'uta.

"Usikimbize," mama anamwambia. "Ukifika Singida, leo hii, si kesho, rejeta ishushwe, ioshwe, ichomelewe. Yai limekuvusha tu. Na ukifika unipigie."

Jina lake ni Theodora Mkumbo, lakini kwa madereva wa barabara hii ni Mama Selina. Ana umri wa miaka 52 na watoto watatu. Mwanamume wa kwenye kigoda ni mumewe, Paschal Mkumbo, miaka 59. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano sasa, wawili hawa wamekuwa fundi mmoja: yeye mikono, mumewe masikio.

Haikuanza hivyo. Paschal ndiye aliyekuwa fundi, na jina lake lilijulikana kwa madereva wa malori wanaopandisha na kushuka mlima Sekenke. Theodora aliuza chai na chapati mbele ya gereji. Akiwa hana wateja alimshikia mumewe taa au kumpa spana, na kwa namna hiyo, anasema, alijua spana namba kumi na saba kwa kuishika, kabla hajajua kazi yake.

Mwaka 2009 betri ya lori aliyokuwa akiichaji Paschal ililipuka. Tindikali ilimwingia macho yote mawili. Miezi minne ya kwenda na kurudi hospitali haikurudisha kitu, na katika miezi hiyo jeki, mashine ya kuchomelea na seti nzima ya spana viliuzwa kimoja baada ya kingine kulipia matibabu.

"Nilirudi nyumbani nikakaa chumbani," anasimulia Paschal. "Magari yakipita nilikuwa nayasikia. Nilikuwa najua hili plagi moja imekufa, lile beringi inalia. Nikawa naumia, kwa sababu najua ugonjwa na siwezi kutibu."

Siku moja pikapu ilisimama nje na dereva wake, ambaye hakuwa na habari ya ajali ile, akapiga hodi akimtafuta fundi. Paschal alikuwa ameshausikia mlio kabla gari halijazimika. Alimwambia mkewe kuwa mkanda wa feni umekatika, na kwamba bila mkanda maji hayazunguki, kwa hiyo gari litachemka kabla ya kufika mbali.

Mkanda wa akiba hawakuwa nao. Theodora alitazama jikoni kwake. Kwenye msumari ilining'inia soksi ndefu ya kike, ya mtumba, aliyoitumia kuchujia mafuta ya alizeti. Aliichukua, akaisokota, akaizungusha kwenye puli za injini huku mumewe, akiwa ameshikilia mlango wa gari, akimwelekeza kwa sauti: ipitishe chini, ivute, fundo liwe dogo.

"Niliifunga kwa woga," anasema. "Nilikuwa namwogopa yule dereva, naogopa gari, namwogopea na Baba Selina asije akaaibika. Gari likawaka. Soksi ikawa inazunguka."

Dereva alikwenda taratibu, akisimama kila baada ya kilomita chache kuipoza injini, na alifika Singida. Wiki iliyofuata alirudi na mwenzake aliyekuwa na gari bovu.

Tangu hapo jiko la Theodora limekuwa stoo ya gereji. Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara imeshika nafasi ya fyuzi. Kopo la maziwa lililokatwa na kufungwa kwa waya limeziba bomba la moshi lililotoboka. Soda iliyomwagwa kwenye vichwa vya betri imekula kutu nyeupe mpaka umeme ukapita. Mpira wa ndani wa baiskeli umefunga mabomba ya maji ambayo hakumbuki idadi yake. Siku nzuri humpatia shilingi elfu ishirini, na siku nyingine hupita bila gari hata moja, hivyo hajaacha kulima.

Na ni kwenye mavuno, si gereji, ambako lilitokea jambo ambalo watu wa Iguguno hulisimulia zaidi.

Ilikuwa Juni mwaka jana, wakati wa kuvuna alizeti. Theodora alikuwa kwa mama yake mzazi, kitongoji kilicho ndani sana kutoka barabara ya lami, akipiga vichwa vya alizeti uani. Paschal alibaki Iguguno. Majira ya saa tano asubuhi pikapu kuukuu ya dizeli ilikuja kwa kasi kwenye njia ya mawe, ikakohoa, ikasimama mita chache kutoka pale alipokuwa.

Dereva, Laurian, alikuwa amekwenda kubeba magunia ya alizeti. Badala ya magunia alikuwa amembeba Flora Shila, mkulima wa miaka 34, aliyeumwa na nyoka aina ya kifutu kwenye kifundo cha mguu akiwa anavuna. Dada yake, Aneth, alikuwa amempakata. Mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya goti, na Flora alikuwa akizimia na kuzinduka.

Njiani jiwe lilikuwa limepasua tangi la mafuta. Dizeli yote ilikuwa imebaki barabarani, isipokuwa kidogo kilichokuwa bado kikichuruzika. Hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa umbali wa kilomita 38. Kijana mmoja mwenye pikipiki alitumwa kufuata dizeli, lakini kwenda na kurudi kungemchukua karibu saa mbili. Kumpakia Flora kwenye pikipiki hakukuwezekana, kwani hakuweza kukaa.

"Nilikuwa nimeshakata tamaa," anasema Laurian. "Nilimwangalia yule dada, nikaangalia barabara, nikakaa chini. Ndipo huyu mama akaniuliza gari lina miaka mingapi."

Swali hilo lilikuwa la Paschal. Theodora alikuwa ameshampigia simu na kuiweka juu ya boneti, sauti ikiwa imefunguliwa. Laurian alijibu kuwa injini ni ya zamani, ile ya dizeli isiyo na mambo ya kompyuta. Kisha Paschal akamuuliza mkewe kama mama yake ameshakamua alizeti za mwaka huu.

Alikuwa ameshakamua. Ndani kulikuwa na dumu la lita ishirini, mafuta yaliyokwisha kutulia, ambayo mama yake Theodora aliyategemea kwa mwaka mzima.

Kila mtu alipewa kazi. Laurian alikinga kwenye sufuria dizeli iliyobaki. Theodora aliingia chini ya gari na mche wa sabuni ya kufulia. Alikata kipande, akakifinyanga kwa viganja hadi kikawa laini kama unga wa chapati uliokandwa, akakisukuma ndani ya tundu, akaongeza kingine juu yake na kukikaza kwa kitambaa. Sabuni haiyeyuki kwenye dizeli. Mchuruziko ukakoma.

Mama yake, bibi wa miaka 77, alikuwa ameshayaweka mafuta ya alizeti jikoni kabla ya kuambiwa mara ya pili. Paschal alitaka yapate uvuguvugu tu, kwa sababu Juni ni baridi na mafuta mazito yasingepita kwenye matundu membamba ya nozeli. Waliyachuja kwa kanga safi, mara mbili, wakayachanganya na dizeli ile ya sufuriani, wakayamimina kwenye tangi.

Gari halikuwaka mara ya kwanza, wala ya pili. Aneth anakumbuka kwamba wakati huo dada yake aliacha kuitika akiitwa, na yeye akaanza kusali kwa sauti.

Paschal alimwambia mkewe aisogeze simu karibu na injini. Laurian alipiga selfu tena. Kutoka Iguguno, kupitia simu ndogo ya batani, mwanamume asiyeona alisikiliza injini asiyoweza kuigusa.

"Bado kuna hewa kwenye mafuta," alisema. "Legeza ile nati ya pili. Pampu kwa mkono mpaka povu liishe. Usiwe na haraka, Mama Selina. Nipo."

Theodora alipampu. Povu lilitoka, likapungua, yakaja mafuta matupu. Akakaza nati. Laurian alipiga selfu, injini ikakoroma, ikatoa wingu jeupe la moshi na kushika.

Flora anakumbuka kitu kimoja tu cha safari ile. "Nilizinduka nikasikia harufu ya maandazi," anasimulia akiwa ameketi nje ya nyumba yake. "Nikafikiri nimekufa, watu wanapika kwenye msiba wangu."

Kutoka gari lilipozimika hadi lilipoondoka zilipita dakika arobaini. Theodora alibaki amesimama barabarani, simu mkononi. Alipotaka kusema kitu, Paschal alimwomba anyamaze. Alikuwa bado analisikiliza gari likienda. Lilipopotea kabisa alimwambia kwamba linakwenda vizuri na litafika. Theodora alikaa kwenye rundo la alizeti na kulia.

Laurian alipiga simu saa saba na dakika tano. Walikuwa wamefika na Flora alikuwa ameshatundikiwa dawa. Alilazwa wiki tatu. Daktari alimweleza kuwa wangechelewa saa moja zaidi, kuuokoa mguu, pengine hata uhai, kungekuwa kugumu. Leo anatembea, anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi, na msimu huu amevuna mwenyewe.

Mmiliki wa pikapu alilazimika kusafisha tangi na kubadilisha chujio. Kisha alipeleka madumu mawili ya mafuta ya alizeti kwa bibi.

Chediel Mghenyi, aliyefundisha ufundi wa magari kwa miaka 22 mjini Singida, alikwenda Iguguno mwenyewe baada ya kusikia habari hii. Anasema injini za zamani za namna ile zinaweza kuchoma mafuta ya kupikia kwa safari fupi, wakati injini za kisasa zingeharibika. "Hilo nalijua kwa vitabu," anasema. "Yeye alilifanya juani, mtu anakufa pembeni yake. Nilikaa pale siku nzima nikitazama. Nilijiona mwanafunzi."

Zipo sehemu za gari ambazo Theodora hazigusi kwa vitu vya jikoni. Breki na usukani hataki hata kusikia. Mwaka juzi dereva mmoja alimbembeleza amzibie bomba la breki ili ashuke Sekenke, akamkatalia na kumfichia ufunguo mpaka spea ilipoletwa kutoka Singida jioni. Dereva yule alimtukana. Siku hizi hupita akipiga honi na kumwachia ndizi.

Ni Chediel aliyemshawishi ajiandikishe kwa majaribio ya mafundi waliojifunza kazi bila kupita chuoni, yatakayofanyika mwezi ujao. Akifaulu atapata cheti, na kwa cheti hicho anatarajia kuomba mkopo wa kikundi ili anunue tena jeki na mashine ya kuchomelea, afanye matengenezo kamili hapohapo Iguguno. Jioni binti yake Selina humsomea maswali, naye hujibu huku akisonga ugali.

Jambo moja tu limemsumbua. Aliuliza kama anaruhusiwa kuingia kwenye chumba cha majaribio na mumewe, akaambiwa kila mtu huingia peke yake.

"Basi nitaingia peke yangu," anasema, huku akimtazama Paschal. "Yeye nitamkalisha nje, karibu na dirisha. Nikiwasha injini, atajua kama nimefaulu kabla yao."